Kalenda Nne, Nyumba Moja

Tunapoijadili bajeti ya familia huwa tunauliza kiasi: mshahara ni shilingi ngapi, sare ni shilingi ngapi, gunia la mahindi limeuzwa kwa shilingi ngapi. Ni mara chache tunauliza lini, ingawa mara nyingi ndilo swali linaloamua kama Januari mtoto atakwenda shule na viatu au na malapa. Hoja ya sura hii ni kwamba sehemu kubwa ya shida tunazoziita umaskini au matumizi mabaya katika familia za Afrika Mashariki hutokana na tarehe kugongana. Nyumba moja huendeshwa na kalenda nne: ya shule, ya kazi, ya michezo na ya wanyama walioko uani. Kila moja hupangwa na mtu tofauti, kwa sababu zake, bila kuzitazama nyingine tatu. Wizara hupanga mihula, mwajiri hupanga likizo, mvua hupanga mavuno, mbuzi naye ana miezi yake mitano ya mimba ambayo hakuna waraka unaoweza kuifupisha. Wazazi huzipokea zote zikiwa zimeshapangwa, kisha wakilemewa huambiwa kwamba hawajui kujipanga.

Tuanze na shule, maana ndiyo yenye sauti kubwa. Tanzania Bara mwaka wa masomo huanza Januari, hukatwa na likizo ndefu ya Juni, na huisha mwanzoni mwa Desemba. Darasa la saba hufanya mtihani Septemba, kidato cha nne Novemba, kidato cha sita Mei, na kidato cha tano huanza Julai. Kenya nao huanza Januari, kwa mihula mitatu. Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima katika shule za serikali Tanzania kuanzia Januari 2016, na hakuna anayeweza kulibeza hilo. Lakini sare, madaftari, begi, nauli na mara nyingi chakula vilibaki kwa mzazi, na karibu vyote hudaiwa wiki moja. Kwa upande wa Kenya, ada za sekondari za bweni kwa miaka mingi zimegawanywa kwa uwiano wa 50:30:20 katika mihula mitatu, yaani nusu nzima ya mzigo wa mwaka huangukia muhula wa kwanza, mara tu baada ya Krismasi. Anayeanza kidato cha kwanza Tanzania yuko pabaya zaidi: majina ya waliochaguliwa hutangazwa Desemba, shule zinafunguliwa Januari, na katikati yake mzazi ana wiki chache za kutafuta godoro, sanduku na nauli ya kumpeleka mtoto mkoa mwingine.

Fedha nazo zina mwendo wao. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na nyongeza za mishahara ya watumishi wa umma hufuata tarehe hiyo. Mei Mosi ya mwaka 2025, kwa mfano, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima cha chini cha mshahara serikalini kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, na malipo mapya yakaanza Julai. Mtumishi anayeona unafuu Julai huwa ameshautawanya kwenye madeni ya nyuma kabla Januari haijafika. Kwa mkulima pengo ni pana zaidi. Pamba ya Simiyu na Shinyanga huanza kununuliwa Mei. Mahindi ya Rukwa, Mbeya na Ruvuma huvunwa kati ya Mei na Julai, na kwa kuwa kila mtu anauza siku zilezile, bei huwa chini. Korosho ya Mtwara na Lindi huingia minadani kuanzia Oktoba. Chukua familia mbili zenye kipato sawa cha mwaka, moja ya wakulima wa pamba wa Maswa na nyingine ya wakulima wa korosho wa Newala. Ya Newala hupata fedha miezi michache kabla ya shule kufunguliwa. Ya Maswa lazima izilinde fedha zake nusu mwaka mzima, katika nyumba yenye misiba, harusi, wagonjwa na ndugu wanaojua kwamba pamba imeuzwa. Januari hizo mbili hazifanani hata kidogo, na tofauti hiyo haimo katika takwimu yoyote ya kipato cha mwaka.

Isitoshe, Januari si mwezi wa shule tu. Katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, huo ndio mwezi wa palizi na mbolea ya kukuzia, na ghala limeanza kuonyesha sakafu. Shilingi ileile inaitwa na mwalimu na inaitwa na shamba. Hapo ndipo walanguzi hupata mlango: huko Kagera kuna mtindo wa butura, ambapo kahawa huuzwa ingali maua mtini kwa bei ya kutupa, kwa sababu muuzaji ana haja ya fedha leo na zao litaiva baadaye. Serikali hupiga vita biashara hiyo mwaka hadi mwaka, na inafanya vema, lakini anayeuza maua hafanyi hivyo kwa kukosa hesabu. Anajua vizuri sana kwamba anapunjwa. Ameshikwa na tarehe.

Kwa familia za Kiislamu, hasa za pwani na Zanzibar, ipo kalenda nyingine inayotembea juu ya hizi nne. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko mwaka wa kalenda ya kawaida kwa takriban siku 11, hivyo Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka. Ile ya 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi. Ya 2029 inatarajiwa kuanza katikati ya Januari, na mwaka 2030 utakuwa na Ramadhani mbili, moja mwanzoni mwa Januari na nyingine mwishoni mwa Desemba. Futari, nguo za Idi na sare za shule vitakutana dirisha moja. Jambo hili linajulikana miaka mingi kabla, kwa hesabu ambayo haihitaji utafiti wowote, na bado sijaona taasisi ya fedha inayoitangaza akiba ya kujiandaa nalo.

Je, kuna ushahidi kwamba wakati wenyewe, mbali na kiasi, hubadili maamuzi ya watu? Upo, na mwingi wake umetoka jirani. Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walifanya majaribio na wakulima wa Busia, magharibi mwa Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 2011. Wakulima wengi walisema wanataka kutumia mbolea, lakini msimu wa kuitumia ulipofika fedha zilikuwa zimeisha. Mradi ukawafuata mara baada ya mavuno, fedha zikiwa bado mkononi, ukawauzia mbolea kwa bei ya kawaida na kuwaongezea jambo dogo tu: kupelekewa hadi nyumbani bure. Matumizi ya mbolea yalipanda kwa kati ya asilimia 47 na 70. Zaidi ya hapo, jambo hilo dogo lililofanywa kwa wakati lilishinda hata ruzuku ya nusu bei iliyotolewa baadaye, msimu ukiwa umeshaanza. Utafiti mwingine wa Kenya, wa Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel, uliochapishwa 2019, ulionyesha kwamba wakulima wakikopeshwa wakati wa mavuno huweza kuyashikilia mahindi na kuyauza bei inapopanda, badala ya kuuza kwa bei ya chini kisha kununua chakula kwa bei ya juu miezi baadaye. Na huko Tamil Nadu, India, wakulima wa miwa waliopimwa kabla na baada ya mavuno walifanya vibaya zaidi katika majaribio ya kufikiri kabla ya kuvuna, watu walewale, akili zilezile. Ukata wa msimu hupunguza hata uwezo wa kupanga njia ya kutoka katika ukata huo. Anayemhukumu mzazi kwa maamuzi yake ya Januari anamhukumu katika mwezi ambao karibu yeyote angeamua vibaya.

Hapa ndipo wanyama wanapoingia, nao wanastahili nafasi kubwa kuliko wanayopewa katika vitabu vya malezi, ambavyo huwataja kama burudani ya watoto au hawawataji kabisa. Katika nyumba nyingi mbuzi na kuku ndio daraja kati ya Julai na Januari. Fedha ya pamba iliyogeuzwa mbuzi watatu haiombwi mkopo na shemeji kwa urahisi kama noti zilizo sandukuni. Mbuzi jike aliyepandwa Julai huzaa Desemba, na dume anayeuzwa karibu na Krismasi au Idi hupata bei nzuri zaidi ya mwaka. Kuku wa kienyeji hulalia siku 21, na tetea mmoja akiangaliwa vizuri anaweza kununua madaftari ya muhula. Hii ni benki yenye riba, iliyo karibu, isiyo na fomu.

Lakini ni benki inayoweza kufa yote kwa wiki moja. Ugonjwa wa mdondo, ambao wengine huuita kideri, ukiingia katika banda lisilochanjwa unaweza kuacha kuku wawili kati ya thelathini. Chanjo ya tone la jicho aina ya I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo za zamani, imetumika Tanzania kwa miaka mingi, na maelekezo ya kawaida ni kuirudia kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja inatosha mamia ya kuku, hivyo majirani wakichangiana gharama ni ndogo mno. Kwa nini basi mabanda mengi hayachanjwi? Sababu mojawapo ni kwamba tarehe ya chanjo haimo katika kalenda ya mtu yeyote nyumbani. Haitangazwi kama tarehe ya kufungua shule, haina mwalimu wa kuuliza. Na bado, kwa familia inayotegemea kuku kwa ajili ya Januari, chanjo ya Septemba ni gharama ya elimu kama ilivyo sare. Ingefaa iandikwe kwenye ukurasa uleule.

Mbwa naye ana tarehe yake. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka kwa makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na takriban asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana, ugonjwa huu karibu kila mara huua. Kumchanja mbwa mara moja kwa mwaka ni kazi ya asubuhi moja, na kampeni nyingi hufanyika karibu na Septemba 28, siku ya kimataifa ya ugonjwa huo. Mtoto akiumwa, jeraha linapaswa kuoshwa mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha huanza safari za hospitali kwa dozi kadhaa, zinazokula siku za shule za mtoto na siku za kazi za mzazi. Mbwa asiyechanjwa huvuruga kalenda zote nne kwa pigo moja, na nyumba iliyoshindwa kumpa asubuhi moja italipa wiki.

Msomaji wa Kishapu au Longido, kwa wafugaji, atapinga, na ana haki. Atasema wanyama ndio hasa wanaowatoa watoto shuleni: mvulana anachunga siku nzima, jina lake limo kwenye rejista lakini dawati ni tupu. Ni kweli, na hoja yangu haimpi mfugaji ruhusa ya kumtoa mtoto shuleni. Kuna umbali mkubwa kati ya mtoto anayewafungulia kuku saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kwenda darasani na mtoto anayefuata ng'ombe arobaini hadi jioni. Wa kwanza anaitunza akiba inayomsomesha. Wa pili amegeuzwa mfanyakazi asiyelipwa wa akiba hiyo. Ila hata huyu wa pili hawezi kuokolewa kwa amri peke yake. Maji na malisho yanapokuwa mbali zaidi wakati wa kiangazi, utoro hupanda, na shule inayojua hivyo inaweza kumfuatilia mapema badala ya kushangaa kila mwaka.

Michezo ndiyo kalenda inayokatwa kwanza, na sababu yake ni ya wazi: haina mdai. Shule ina mdai, kazi ina mdai, hata kuku akikosa pumba atapiga kelele. Mpira haudai. Ajabu ni kwamba michezo nayo ina ratiba rasmi inayojulikana. Mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari hupanda kutoka shule hadi wilaya, mkoa na taifa, na ngazi ya taifa kwa kawaida huangukia karibu na likizo ya Juni. Kenya hugawa michezo ya sekondari kwa mihula: vikapu, magongo na mpira wa mikono muhula wa kwanza, soka, wavu na mpira wa pete muhula wa pili. Mzazi anaweza kujua Januari kwamba binti anayecheza mpira wa pete atahitaji raba mwezi fulani na nauli mwezi fulani. Lakini mara nyingi habari humfikia jioni ya kuamkia safari, na jibu huwa hapana. Wavulana husalimika kidogo, kwa kuwa uwanja wa vumbi uko jirani na hakuna anayewatafuta saa kumi na moja jioni. Msichana saa hiyo anasubiriwa jikoni. Kwake kalenda ya michezo haiwezi kuwapo mpaka iandikwe na kulindwa.

Pingamizi kubwa zaidi ni la wanaosema masomo kwanza, mpira baadaye. Mwaka wa mtihani si mwaka wa kukimbiakimbia. Pingamizi hilo limejengwa juu ya dhana kwamba saa moja uwanjani ni saa moja iliyoibwa darasani. Dhana hiyo imepimwa. Mwaka 2010 Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani kilikusanya tafiti 50 kuhusu mazoezi shuleni na matokeo ya masomo, zenye mahusiano 251 yaliyopimwa. Asilimia 50.5 ya mahusiano hayo yalikuwa chanya, asilimia 48 hayakuonyesha tofauti, na asilimia 1.5 tu yalikuwa hasi. Shule za huko si shule za Temeke, nakubali, na uhusiano si lazima uwe sababu. Hata hivyo anayedai kwamba mchezo huangusha mtihani ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, na mpaka sasa ushahidi uliopo hauko upande wake. Shirika la Afya Duniani hushauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Mtoto anayetembea kilomita nne kwenda shule na kurudi ameshazipata. Anayechukuliwa na basi la shule gizani na kurudishwa jioni, kisha akakabidhiwa kwa mwalimu wa twisheni, hajazipata. Kwa hiyo familia ya mjini yenye nafuu ndiyo inayohitaji zaidi kuilinda saa hiyo. Kenya ilikwenda mbali hadi kupiga marufuku masomo ya likizo katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na bado masomo hayo yanaendelea kwa majina mengine, maana wazazi wenyewe wanayataka.

Kuhusu kazi nitasema kwa ufupi, kwa kuwa sheria iko wazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inampa mfanyakazi walau siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo. Inampa pia mwajiri nafasi ya kuamua lini ichukuliwe, ndani ya mipaka. Wazazi wawili walioajiriwa sehemu mbili wanaweza kumaliza miaka kumi bila likizo zao kukutana na Juni ya watoto hata mara moja. Kuandika barua Januari kuomba Juni hakumgharimu mfanyakazi kitu, na mwajiri mwenye busara atapendelea ombi la miezi mitano kabla kuliko la ghafla. Kwa mama lishe, dereva wa bodaboda na kibarua sheria hii ni habari za mbali, kwa kuwa siku asiyofanya kazi ni siku isiyo na chakula.

Na hilo ndilo pingamizi la mwisho: kwamba kupanga ni anasa ya wenye mshahara, na mwenye kipato cha kuunga hawezi kuandika mwaka kwenye ukurasa mmoja. Lina uzito, ila linachanganya mambo mawili. Kipato cha kibarua hakitabiriki. Matumizi yake yanatabirika sana. Shule itafunguliwa Januari, mdondo utakuja, Ramadhani itasogea siku 11, mashindano yatakuwa Juni. Asiyejua atapata nini ndiye anayefaidika zaidi kwa kujua atadaiwa lini, kwa sababu siku njema ya biashara ikitokea Agosti anaweza kununua madaftari siku hiyohiyo. Vikundi vya kuweka na kukopa, vicoba na vingine, tayari hufanya hivyo: vingi huvunja na kugawana Desemba, na ni wanachama wenyewe walioichagua tarehe hiyo, bila mshauri wa fedha kutoka nje.

Kilichobaki kinahusu shule na wizara kuliko wazazi. Orodha ya mahitaji ya darasa la kwanza na kidato cha kwanza haibadiliki sana mwaka hadi mwaka. Hakuna sababu ya maana ya kuishika hadi Desemba. Itolewe Julai, ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji na kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, pamba na mahindi yakiwa yanapimwa. Mafundi cherehani watapata kazi katika miezi yao ya ukame badala ya kukesha Januari. Ni kweli mtoto anakua, na suruali iliyoshonwa Julai huenda ikamfupia. Basi apindiwe upindo mpana, kama bibi zetu walivyofanya, na viatu vingoje hadi mwisho. Wakuu wa shule waweke pia kwenye karatasi hiyohiyo tarehe za mashindano ya michezo na kiasi cha nauli, na maofisa mifugo wa kata waongeze tarehe za chanjo ya kuku na mbwa. Ni karatasi moja, na kila tarehe iliyomo inajulikana tayari na ofisi fulani ya serikali.